Sura ya Sita: Nani Alibonyeza "Idhinisha"?

"Tumenunua mfumo wa kompyuta kwa mamilioni, wafanyakazi wamefundishwa, makaratasi yamefungiwa stoo. Mbona pesa bado zinapotea, na siri za watu zinafika sokoni kabla ya wenyewe kufika nyumbani?" Anayeuliza hivi mjini Maua anaweza kuwa mwanachama wa sacco aliyesimama katika mkutano mkuu wa mwaka, mkulima wa chai ambaye bonasi yake hailingani na kilo alizopeleka kituoni, au mama aliyesikia habari za vipimo vyake vya hospitali kutoka kwa jirani. Jibu analopewa huwa lilelile: "Hayo ni mambo ya IT." Kijana wa kompyuta huitwa mbele, hujieleza kwa maneno yasiyoeleweka na yeyote ukumbini, mwenyekiti humshukuru, na ajenda inayofuata husomwa.

Jibu hilo si sahihi, na sura hii itaeleza kwa nini. Mfumo humruhusu kila mtu kufanya kile tu ulichoelekezwa umruhusu. Anayepaswa kutoa maelekezo hayo ni mkuu wa kazi yenyewe: meneja wa mikopo kwa habari za mikopo, mhasibu mkuu kwa malipo, daktari msimamizi kwa faili za wagonjwa. Mkuu huyo akimwachia fundi uamuzi, amemkabidhi mtu kazi asiyoijua, na siku ya hasara kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole. Kwa hiyo usalama wa data, kabla ya kuwa suala la mitambo, ni suala la nani aliamua na nani atajibu.

Mfumo mmoja, meza nyingi

Zamani kila idara ilikuwa na daftari lake. Mhasibu alikuwa na leja, stoo ilikuwa na kadi zake, ofisi ya wafanyakazi ilikuwa na majalada kabatini. Mtu wa stoo hakuujua mshahara wa meneja kwa sababu ya kawaida kabisa: jalada lilikuwa katika chumba kingine na chumba kilikuwa na kufuli. Mfumo wa pamoja wa shughuli, ambao ndio taasisi nyingi hununua siku hizi, ni programu inayoweka hesabu, mishahara, manunuzi, bidhaa na habari za wateja mahali pamoja, ili kila meza isome kutoka hazina moja. Faida yake ni kubwa na haina ubishi. Mkulima akipeleka majani asubuhi, kilo zake huonekana kiwandani, kwenye hesabu ya malipo na kwenye makato ya mbolea bila mtu kunakili chochote. Lakini kufuli ya chumba imekwisha. Kilichobaki badala yake ni ruhusa, yaani maagizo yaliyomo ndani ya mfumo yanayosema mtu fulani aone nini, aandike nini, abadilishe nini, na aidhinishe nini.

Vitendo hivyo vinne watu huvichanganya. Kuona salio la mwanachama ni jambo moja, kubadilisha namba yake ya simu ni jambo lingine kabisa, na kuidhinisha mkopo wake ni la tatu. Taasisi inayouliza tu "huyu ana akaunti ya kuingia au hana?" haijaanza kuuliza swali lenyewe.

Mfano mdogo zaidi uko kwenye kila kona ya mji. Mwenye duka la M-Pesa anayetaka kwenda shambani ana njia mbili: kumsajili msaidizi wake ili awe na namba yake na PIN yake, au kumwachia PIN yake mwenyewe. Wengi huchagua ya pili kwa sababu ni rahisi. Jioni hesabu ikipungua shilingi 6,000, mtambo unaonyesha mtu mmoja tu aliyefanya kazi siku nzima, na mtu huyo ni mwenye duka, aliyekuwa shambani. Hawezi kumshtaki msaidizi, na msaidizi asiye na hatia hawezi kujitetea. Mtambo wenyewe haukukosea hata mara moja. Ukitaka kujua kinachotokea katika taasisi yenye wafanyakazi mia mbili, chukua duka hilo ulizidishe.

Nywila iliyofanya kazi bila mwenyewe

Serikali ya Kenya ina mfumo wake wa kusimamia fedha za umma, IFMIS, uliojengwa juu ya programu ya Oracle. Ulianza kuletwa mwaka 2003, ukafanyiwa marekebisho makubwa kuanzia 2011, na serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 zikaingizwa humo, Meru ikiwemo. Wazo lake ni zuri: malipo yapite mikono kadhaa, kila mkono ukiacha alama. Mmoja anaanzisha, mwingine anathibitisha, wa tatu anaidhinisha, kila mmoja kwa nywila yake, yaani neno la siri la kumtambulisha kwa mfumo.

Mwaka 2015 ikaja kashfa ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, ambayo wasomaji wengi wanaikumbuka kwa kiasi kilichotajwa: shilingi milioni 791. Katika maelezo yaliyotolewa wakati ule, afisa mwandamizi wa NYS alisema nywila yake ya IFMIS ilitumiwa na watu wengine kupitisha malipo ambayo yeye hakuyajua. Hapa hatuhitaji kuamua nani alisema kweli. Mahakama zina kazi yao. Cha kutazama ni kilichofanya ubishi huo uwezekane. Mikono mitatu iliyotakiwa kuwa ya watu watatu inaweza kuwa ya mtu mmoja mwenye nywila tatu, na mfumo hauwezi kuona tofauti. Utaandika kwa uaminifu kabisa kwamba fulani aliidhinisha saa fulani. Kama nywila ya fulani inajulikana na katibu wake, dereva wake na jirani wa meza, maandishi hayo hayathibitishi lolote. Mwenye hatia anapata kisingizio, na asiye na hatia anapata mzigo.

Tusidhani pia kwamba ni udhaifu wa kwetu. Benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilianguka mwaka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827 kwa sababu mtu mmoja katika ofisi ya Singapore, Nick Leeson, alikuwa akifanya biashara na wakati huohuo akisimamia ofisi ya kuandika hesabu za biashara hiyo. Alificha hasara katika akaunti ambayo wakubwa London hawakuifuatilia. Hakuhitaji kuvunja kompyuta. Alipewa meza mbili zisizopaswa kukaliwa na mtu mmoja, na waliompa walikuwa mabosi.

Mwenye data na mlinzi wake

Watu wa Igembe, eneo la mji huu wa Maua, wana mpango unaoeleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vingi. Katika shamba la miraa, mwenye shamba ndiye anayesema mti upi uchumwe leo, nani aupande, na mnunuzi yupi apewe. Mlinzi anayekesha humo usiku ana rungu, tochi na mbwa, na anaijua mipaka kuliko mtu yeyote. Lakini hajawahi kuwa na mamlaka ya kumruhusu mtu achume. Akiletewa kijana asiyemjua, atauliza kwanza: "Nani amekutuma?" Mwenye shamba naye hawezi kulala siku tatu bila kutoa maagizo halafu amlaumu mlinzi kwamba mti umechumwa.

Kwenye mfumo wa kompyuta mwenye data ni mkuu wa kazi, na mlinzi ni idara ya kompyuta. Mwenye data anaamua. Mlinzi anatekeleza na kuandika alichotekeleza. Taasisi nyingi zimepindua mambo haya. Mfanyakazi mpya akifika, meneja hupiga simu: "Mfungulie huyu dada aanze kazi." Afunguliwe wapi? Hakuna aliyesema. Fundi, akiwa na haraka na hataki kusumbuliwa tena kesho, huchukua ruhusa za mfanyakazi mwingine aliyeko kwenye meza inayofanana na kuzinakili zote. Kama huyo mwingine alikuwa na ruhusa asizostahili, sasa kuna wawili.

Jambo hili huwa gumu zaidi pale kazi inapofanywa kwa niaba ya mwingine. Viwanda vya chai vya KTDA, wakala wa kuendeleza chai nchini, katika eneo hili, kama Kiegoi na Michimikuru, ni kampuni zinazomilikiwa na wakulima wenyewe kwa hisa, huku kazi ya usimamizi ikifanywa na kampuni tanzu ya KTDA kwa makubaliano. Mkulima ana namba yake. Kilo zinazopimwa kituoni huingia chini ya namba hiyo, na malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka hutoka humo. Basi swali la nani anaruhusiwa kusahihisha kilo zilizoandikwa kimakosa si la fundi, wala halipaswi kuachwa liishie kwa meneja aliyeajiriwa. Wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima wanapaswa kulijua jibu lake kwa majina ya vyeo. Masahihisho lazima yawepo, kwa maana mizani hukosea na binadamu huchoka, lakini anayesahihisha asiwe yule aliyepima, na kila sahihisho liache kiasi cha zamani, kiasi kipya na jina la mtu.

Kwa ufupi hadi hapa:

- Ruhusa ndiyo kufuli iliyobaki baada ya makaratasi kuondoka.
- Nywila ikitumiwa na wawili, kumbukumbu za mfumo hazina thamani ya ushahidi.
- Mkuu wa kazi huamua nani aingie, fundi hutekeleza.

Karani aliyehama meza tatu

Hatari kubwa zaidi ndani ya mfumo mara nyingi hailetwi na mwizi wa kutoka nje. Hukua polepole ndani ya mfanyakazi mzuri. Tuchukue sacco ya kubuni, ya ukubwa wa kawaida, inayoruhusiwa kupokea akiba na hivyo kusimamiwa na SASRA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyama vya Sacco ya mwaka 2008. Karani anaajiriwa kaunta ya FOSA, yaani upande wa sacco unaohudumia watu kama benki. Anapewa ruhusa ya kuona salio, kupokea na kulipa fedha. Mwaka wa pili anahamishwa meza ya huduma kwa wanachama. Anaongezewa ruhusa ya kubadilisha namba za simu na kuwasajili watu kwenye huduma ya sacco kwa simu. Hakuna anayekumbuka kumwondolea zile za kaunta, na isitoshe siku za bonasi ya chai foleni ikifika barabarani yeye ndiye anayeitwa kusaidia. Mwaka wa nne anapanda cheo, anaingia mikopo. Anaongezewa tena.

Sasa tazama alichonacho. Anaweza kutafuta akaunti iliyolala, tuseme ya mwalimu mstaafu ambaye hajaigusa kwa miaka mitatu. Anaweza kubadilisha namba ya simu ya akaunti hiyo iwe ya laini aliyoinunua jana. Anaweza kuisajili laini hiyo kwa huduma ya simu. Jioni, akiwa nyumbani, laini hiyo inaomba fedha, mfumo unatuma namba ya uthibitisho kwa simu iliyosajiliwa, namba inarudishwa sahihi, fedha zinatoka. Kila hatua ilikuwa halali machoni pa mfumo. Ngao zote za kuzuia wadukuzi zilikuwa kazini na hazikuwa na la kuzuia. Mwalimu atagundua siku atakapotaka karo ya mjukuu.

Pengine karani wetu hatafanya hivyo kamwe, na wengi hawafanyi. Lakini akaunti yake inaweza kuibwa na mwingine, na mwizi atarithi meza zote tatu kwa mkupuo. Ndiyo sababu ya kanuni ambayo wataalamu huitaja kwa majina marefu nasi tunaweza kuisema kwa urahisi: mtu apewe kiasi cha kazi anayoifanya leo, basi. Kuhama meza ni kufungiwa ya zamani kwanza, kisha kufunguliwa mpya. Kuondoka kazini ni kufungiwa siku ileile, kabla ya hotuba za kumuaga. Ruhusa za muda, kama za kusaidia kaunta wiki ya bonasi, ziwe na tarehe ya kwisha iliyoandikwa ndani ya mfumo wenyewe, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuzirudisha.

Njia iliyo rahisi kusimamia ni kutompa mtu ruhusa moja moja. Andika vyeo: mlipaji wa kaunta, mpokeaji wa maombi ya mikopo, muidhinishaji wa mikopo. Kila cheo kiwe na ruhusa zake zilizoorodheshwa kwa maneno ya kawaida, kisha mtu aingizwe kwenye cheo. Na iandikwe wazi vyeo vipi havikai kwa mtu mmoja: anayebadilisha habari za mwanachama asiidhinishe huduma ya simu ya mwanachama huyo, anayemsajili muuzaji wa bidhaa asimlipe, anayeingiza jina la mfanyakazi kwenye mishahara asiidhinishe mishahara. Orodha hii ya pili mara nyingi hutoshea ukurasa mmoja, na naiona kuwa na maana kuliko sera ya kurasa arobaini iliyonunuliwa kutoka kwa mshauri.

"Sisi tunaaminiana"

Pingamizi la kwanza hutoka moyoni. Watu wa ofisi moja wanasali pamoja, wamechangiana harusi na mazishi, na kumwambia mwenzako kwamba sharti mtu wa pili aidhinishe kazi yake kunasikika kama tusi. Pingamizi hili halipaswi kupuuzwa, kwa sababu taasisi isiyo na imani haifanyi kazi. Hata hivyo linakosea kuhusu anayelindwa. Mwanachama analindwa, ndiyo, lakini anayelindwa kwanza ni karani. Fedha zikipotea katika ofisi ambapo kila mtu ana nywila yake na mipaka yake, waliokuwa nje ya mipaka hiyo hawaulizwi chochote. Zikipotea katika ofisi ambapo wote wanajua nywila ya wote, wote ni washukiwa, na udugu ule uliotetewa ndio unaovunjika kwanza.

La pili ni la uchache. "Tuko wanne, tutagawana vipi majukumu?" Ni kweli kwamba zahanati ndogo au sacco ya kijijini haiwezi kuwa na watu watatu kwa kila malipo. Hapo ndipo ukaguzi wa baadaye unapochukua nafasi ya kizuizi cha mwanzo. Sacco za Kenya zina kamati ya usimamizi inayochaguliwa na wanachama, tofauti na halmashauri, na kazi yake hasa ni kuchungulia. Mjumbe mmoja wa kamati hiyo, asiye na ruhusa ya kuandika chochote, akiletewa kila wiki orodha ya namba za simu zilizobadilishwa, akaunti zilizolala zilizoamka na malipo yaliyoidhinishwa na aliyeyaandaa, ataona mengi ndani ya nusu saa. Akimpigia mwanachama mmoja katika kila kumi kwa namba yake ya zamani, yule mwalimu wetu mstaafu ataokolewa kabla ya muhula kuanza.

La tatu ni la kuchelewa. Meneja amekwenda Nairobi, watu wamejaa kaunta, mikopo haijaidhinishwa, na sauti inasikika kutoka ofisi ya pili: "Mheshimiwa, nitumie nywila yako kwa WhatsApp tumalizane na hawa watu." Ukitazama vizuri, kilicholeta foleni si sharti la kuidhinisha. Ni kukosekana kwa naibu. Mfumo wowote wa maana unaruhusu mamlaka ya meneja yakabidhiwe mtu mwingine kwa siku mbili, kwa jina lake na kwa kiwango kilichowekwa. Kuandaa hilo huchukua dakika kumi siku ambayo hakuna haraka.

Liko la nne, nalo ndilo zito: vipi kama wakubwa wenyewe ndio tatizo? Uchunguzi wa kampuni ya PwC kuhusu KUSCCO, muungano ambamo sacco nyingi za nchi ziliweka fedha zao, ulitaja upotevu wa shilingi bilioni 13.3 na vitabu vya hesabu vilivyopotoshwa. Orodha ya ruhusa ingesaidia nini mahali ambapo anayeitia sahihi ndiye anayetiliwa shaka? Kusema kweli, peke yake haisaidii sana. Watu wa juu wakiafikiana, mikono mitatu inakuwa mmoja. Kinachoweza kusaidia ni kumbukumbu za mfumo, yaani maandishi yanayojiandika yenyewe kuhusu nani alifanya nini na lini, kuhifadhiwa mahali ambapo wale wanaoandikwa humo hawawezi kuyafuta. Nakala iende kwa mkaguzi wa ndani anayeripoti kwa kamati badala ya meneja, na msimamizi mkuu wa mfumo, ambaye kwa kazi yake anaweza kufungua kila kitu, naye awe ni mtu anayeandikwa. Uongo hautakoma, ila utahitaji watu wengi zaidi, na watu wengi hushindwa kutunza siri.

Fundi wa mbali

Taasisi nyingi za mji mdogo hazina fundi wao. Kampuni iliyouza programu iko Nairobi, na huingia kwenye mfumo kwa intaneti kurekebisha mambo. Akaunti anayotumia fundi huyo kwa kawaida ni ile yenye ruhusa zote, nywila yake haijabadilishwa tangu siku ya kwanza, na mafundi watatu walioacha kazi kwenye kampuni hiyo bado wanaikumbuka. Mwaka 2013 maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa habari za kadi za malipo zipatazo milioni 40. Wezi waliingia kwa nywila za kampuni ndogo iliyokuwa ikihudumia mitambo ya kupoza hewa. Dawa yake ni nyepesi: akaunti ya kampuni ya nje ikae imefungwa, ifunguliwe kazi inapoombwa kwa maandishi, ifungwe kazi inapokwisha. Anayefungua awe mtu wa taasisi.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, iliyotiwa sahihi Novemba 2019, haimruhusu meneja kujificha nyuma ya kampuni hiyo. Inawatofautisha mdhibiti wa data, yule anayeamua data ikusanywe kwa nini na itumiweje, na mchakataji, yule anayeishughulikia kwa niaba yake. Kati yao lazima kuwe na mkataba wa maandishi. Data za watu zikivuja na kukawa na hatari ya kweli ya kuwadhuru wenyewe, mchakataji anapaswa kumjulisha mdhibiti bila kuchelewa, ikiwezekana ndani ya saa 48, na mdhibiti amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Na wale wanaodhani sheria ni ya kampuni kubwa tu wasome kanuni za usajili: anayetoa huduma za afya, za elimu au za fedha anatakiwa kujisajili hata akiwa na wafanyakazi wawili.

Kutazama nako ni kuchukua

Tumezungumza sana juu ya fedha, kwa sababu fedha huhesabika. Lakini Maua ina Hospitali ya Methodist ambayo imehudumia Igembe na majirani wake kwa karibu karne moja, ina zahanati na maabara za watu binafsi, na katika kila mapokezi kuna kompyuta. Hapo hatari ni jicho. Karani wa mapokezi anahitaji jina la mgonjwa, umri, na njia ya kulipa. Hahitaji majibu ya maabara. Mtu wa famasia anahitaji dawa zilizoandikwa na mzio wa mgonjwa. Mhasibu anahitaji gharama. Katika mji ambapo watu wanajuana hadi babu, kuona majina mawili na neno moja la kipimo kunatosha kuvunja ndoa. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi ilikataza kufichua hali ya mtu miaka mingi kabla ya sheria ya data kuwepo, lakini haiwezi kumzuia mtu kuona kile ambacho skrini yake inamwonyesha.

Watu wa hospitali watasema, na wana haki, kwamba mgonjwa akiletwa usiku hajitambui hakuna muda wa kuomba ruhusa. Basi daktari wa zamu apewe njia ya dharura ya kufungua faili lolote, kwa sharti kwamba mfumo umwulize sababu, uandike, na daktari msimamizi asome orodha ya dharura hizo kila Jumatatu. Mwanzoni dharura hizo zitakuwa nyingi. Watu wakishajua kwamba zinasomwa, zitapungua zibaki za kweli.

Adhabu zimeanza kutolewa, tena kwa mambo ambayo wengi waliyaona madogo. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitangaza faini kwa taasisi tatu: kampuni ya mikopo ya simu, shilingi 2,975,000, klabu ya starehe iliyoweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, 1,850,000, na shule iliyochapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, 4,550,000. Faini kubwa kuliko zote tatu iliiangukia shule.

Ya kuuliza mkutanoni

Mwanachama, mkulima au mzazi hahitaji kujua kompyuta ili kuuliza. Sheria ya data inampa haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, kuziona, na kudai zisahihishwe zikiwa na makosa. Zaidi ya hapo, mkutano mkuu unaweza kuuliza haya, na jina la mtu litajwe katika jibu:

- Nani, kwa cheo, ndiye mwenye data ya wanachama? Ya mikopo? Ya mishahara?
- Orodha ya watumiaji na ruhusa zao ilisomwa na kutiwa sahihi lini mara ya mwisho, na nani?
- Katika walioacha kazi mwaka huu, wangapi bado wana akaunti zilizo wazi?
- Ni vyeo vipi vimekatazwa kukaa kwa mtu mmoja?
- Nani anasoma kumbukumbu za msimamizi wa mfumo?

Majibu yenyewe yanafaa kusikilizwa kwa makini, lakini muda yanaochukua nao unasema kitu. Orodha ya watumiaji na ruhusa zao hutolewa na mfumo wowote wa maana kwa dakika chache, hata kama kuisoma kutachukua siku nzima. Meneja akiahidi kuileta baada ya wiki mbili, kamati ya usimamizi imwombe aichapishe alasiri hiyohiyo, ilivyo, kabla mtu yeyote hajaanza kuipangusa.